Kithinji Bado Anapogoa Kahawa

Karibu na soko la Githongo,
Meru.
Tarehe 9 Machi 2025.

Mpendwa mwanangu Murungi,

Muga sana! Wewe ni mzima huko Doha? Hilo joto halijakukausha ukawa kuni? Mimi baba yako mdogo niko tu. Goti linanisumbua, meno yaliyobaki yanasalimiana kwa mbali, na kama kuna mtu amekuambia ati nimeokoka, huyo ni mwongo, usimjibu. Bibi yangu Marcella ameokoka kwa niaba ya sisi wawili.

Huku kahawa imevunwa ikaisha na mvua tunaingoja. Ng'ombe wa mama yako amezaa ndama mwenye kichwa kikubwa kama changu. Wanasema ni baraka. Sijui kwa nini mimi nilipozaliwa hawakusema hivyo.

Barua hii nampa Tabby, msichana wa Mwenda, anayerudi kazini huko, akupe mkononi. Ningepiga simu, lakini kila nikipiga mama yako yuko karibu, na haya sitaki ayasikie.

Unakumbuka wakati marehemu baba yako bado ana nguvu, chama cha kahawa kikaleta watu wa kompyuta shambani mwenu? Walimfunga vidude mikononi na kichwani, akapogoa miti asubuhi nzima huku wanampiga picha kama bwana arusi. Walisema wanatengeneza mchezo wa kufundisha wakulima. Tulicheka tukasahau. Basi mchezo umefika.

Uko pale ukumbi wa chama. Unavaa miwani inayofunika uso kama ndoo, unashika vifimbo viwili, na mara uko katikati ya kahawa. Ukikata tawi vizuri kengele inalia, unapewa alama. Ukikosea, mti unakauka mbele yako kama umemwagiwa maji moto. Ni raha, sikatai. Wazee ambao hawajawahi kukubaliana kuhusu mpaka wa shamba, siku hizi wanagombania alama. Marcella alikwepa tawi ambalo halipo, akaanguka kutoka kwa benchi, nikacheka mpaka nikafukuzwa nje. Na watu wanajifunza kweli. Ile miti yangu baba yako aliyokuwa anaiita msitu wa serikali, leo inapitisha jua.

Lakini mwalimu aliye ndani ya miwani ni baba yako.

Kofia yake ile ya sufu, kikohozi chake, hata vile anafuta mkasi kwa suruali. Anakuonyesha tawi, anasema, "Hapa. Si hapo. Rudia tena." Na huyu mtu tulimzika Agosti, wewe ukiangalia kwa simu.

Mara ya kwanza kuvaa, nilitaka kumchokoza. Nikamwambia, "Wee Kithinji, unakata mti kama unanyoa mbuzi mgonjwa!" Angekuwa hai angenitupia kitu. Alisimama, mkasi wazi mkononi. Akanitazama, lakini kando kidogo, kama anaangalia mahali nilikuwa nimesimama jana. Akasema, "Rudia tena."

Nikatafuta miguu yangu, sikuiona. Hapakuwa na nzi wala upepo. Nyuma yake, jikoni kwenu, moshi ulikuwa umesimama juu ya paa, hauendi popote. Nilivua hiyo kitu haraka nikawaambia macho yanauma.

Sasa mama yako. Wewe unajua vile tunafanya kazi kwetu. Mtu akiwa shambani haweki mkasi chini mpaka aitwe kutoka nyumbani: "Inatosha, njoo ule." Hata kama ni shamba lake mwenyewe, hajiachilii. Siku ile ya kupigwa picha, mama yako alitoka na sufuria ya mukimo akamwita, akaacha. Vijana wa kompyuta walikata kipande hicho wakakitupa. Walisema hicho si somo.

Kwa hivyo baba yako anamaliza mti wa mwisho, halafu anarudi kwa ule wa kwanza.

Mama yako Makandi aliona siku ya kwanza tu. Alivua miwani akaniuliza polepole, "Mbaabu, mbona hawajamwita?" Nikamwambia, "Shemeji, ni picha hiyo." Akanijibu, "Basi picha imechoka. Angalia mabega yake." Akavaa tena, akamwita mwenyewe. Hakugeuka. Mashine husikia tu yale imewekewa.

Tangu hapo anafika ukumbini kabla ya mwenye funguo. Hali chakula, kwa sababu mtu wa shambani hajaitwa. Gauni yake ya kanisa inaning'inia kama iko kwa msumari. Daktari amesema dawa za presha hazimezwi tumbo likiwa tupu. Anamsikiliza, anaitikia, halafu anarudi pale. Jumapili iliyopita alianguka akiwa amevaa hiyo miwani. Tulipomvua alitupigia kelele, "Nirudishieni!" Mama yako, Murungi, ambaye hajawahi kumpigia hata kuku kelele.

Kuna lingine. Anayesimamia mashine ni mwalimu Muriithi, mtu wa Siakago, ambaye baridi yetu inamfanya avae makoti mawili ndani ya nyumba. Anasema mchezo wenyewe huiga kidogo kidogo mtu anayeucheza sana. Sawa. Lakini wewe unajua baba yako alikuwa anatupa matawi popote. Sasa anayapanga mafungu mawili, manene ya kuni, membamba ya mbuzi, kama mama yako. Na kila akimaliza mti anageuka upande wa nyumba, anasikiliza. Muriithi ameenda kutazama picha za zamani zote. Anasema siku ile hakugeuka hata mara moja. Siku hizi Muriithi hafungi ukumbi akiwa peke yake.

Nilisema waizime. Mama yako akasema wakizima, baba yako atakuwa ameachwa gizani na mkasi mkononi. Nikamwita Muriithi, tukaketi sisi watatu.

Tumekubaliana hivi. Muriithi anaweza kuweka sauti ya kumwita. Shamba sasa ni lako, kwa hivyo mwenye kuita ni wewe. Atakusikia, ataweka mkasi chini, atatoka kwa lango, na mchezo utafungwa. Nilimuuliza Muriithi ng'ambo ya lango kuna nini. Akasema hawakutengeneza kitu. Ni weupe tu.

Mama yako amekubali, lakini anataka kuwa ndani ya miwani wakati huo. Aliniambia akitabasamu, "Nitamsindikiza kidogo tu." Mwanangu, nimecheka kwa matanga, nimecheka kanisani padri akiniangalia. Hapo sikucheka.

Kwa hivyo usinitumie sauti kwa simu. Mwambie tajiri wako chochote, mwambie mimi nimekufa, sitakasirika. Njoo wewe mwenyewe uite hapa, ukiwa umesimama kando ya mama yako.

Marcella anakusalimu na anakuombea kwa sauti ya kuamsha majirani. Dada yako Njoki na watoto wanakusalimu. Mzee Mithika bado yuko hai, anakusalimu pia na anauliza kama huko kuna miraa. Mungu akukinge na joto hilo, akufungulie njia, na ndege ikushushe salama.

Siku hiyo mimi nitashika mkono mmoja wa mama yako kwa nguvu zangu zote zilizobaki. Ule mwingine hakuna mwingine wa kuushika ila wewe.

Wako akupendaye, nikiwa bado na akili zangu,
Baba yako mdogo,
Mbaabu.