Twende Kilioni ya Nyamizi

DeSoto, Texas
Juni 2019

Dada yangu Monika,

Shikamoo dada. Naanza na mguu wako kabla ya jambo lolote, maana najua wengine wakikuuliza unasema umepona, kisha unachechemea hadi kisimani ukidhani hakuna anayekuona. Umepona kweli? Na ile mizinga ya nyuki, mwaka huu imetoa asali au imetoa hasira tu? Sisi huku ni wazima. Agnesi wangu bado anatunza wazee, mimi bado naendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na joto la Texas limeanza kutukaanga hata kabla ya Julai.

Nasikia huko Tabora mmeambiwa kwamba nilitaka kumuua mkuu wa shule ya Nyamizi. Aliyewapigia simu ni Pazi, na wewe unawajua Wazaramo, ukimpa habari moja ataizalisha kumi. Hakuna aliyeuawa. Kosa langu lilikuwa kutafsiri.

Ilikuwa hivi. Mtoto alikuwa anamaliza sekondari, na mama yake akamsuka twende kilioni, ile mistari ya kutoka usoni kwenda kisogoni uliyokuwa ukiwasuka wadogo zetu. Shule ikasema hapana. Mtindo huo si nadhifu, na asiyeufumua hatapanda jukwaani siku ya mahafali kuchukua cheti. Si nadhifu, dada! Mistari imenyooka kuliko reli inayopita hapo kwenu! Nyamizi alilia, kisha akakasirika, kisha akasema hafumui. Iliniuma sana. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kusoma huku, halafu akae chini awatazame wenzake wakiitwa majina.

Basi nikavaa koti langu la kanisani, nikaenda kuzungumza na mkuu wa shule kiungwana. Mwanzoni tulielewana vizuri. Akaniuliza kwa upole kama mtindo ule una maana yoyote kwetu. Nikafurahi, nikamwambia una jina kabisa. Jina gani? Nikamtafsiria neno kwa neno, huku namtazama machoni na kutabasamu.

"Let us go to the funeral."

Akauliza msiba wa nani. Nikamjibu, "Wa mtu yeyote tu." Dada, mimi nilidhani nafafanua! Mlinzi aliyenisindikiza hadi kwenye gari alikuwa na adabu zake, ila mkono hakuuondoa kiunoni.

Nyamizi aliposikia alijifunika uso kwa mikono miwili. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza.

"Baba, no. No, no, no."

"Sasa nimekosea wapi? Nili-translate vizuri tu."

"That's the problem!"

Yeye na wenzake wakaona wazee tumeshindwa. Wakaamua kila siku baada ya masomo wataketi kwenye korido mbele ya ofisi ya mkuu, kimya, mpaka sharti lile liondolewe. Wakaenda kwa Miss Lorene awafundishe. Huyu ni bibi wa parokia yetu, Mmarekani mweusi, mwembamba, mwenye sauti ndogo usiyoweza kuibishia. Alipokuwa rika la Nyamizi, kule Houston, yeye na wanafunzi wenzake walikwenda kuketi kwenye kaunta za maduka ambako mtu mweusi aliuziwa sabuni lakini hakuuziwa chakula. Waliketi na vitabu vyao. Wakatukanwa, yeye akamwagiwa sukari kichwani, na hawakuinua mkono wala sauti. Anasema kuketi si uvivu, ni kazi, na kazi hujifunzwa.

Kwa hiyo Jumamosi tukakusanyika kwenye ukumbi wa parokia kujifunza kutukanwa. Mmoja anakaa kitini, mwingine anamtukana, na anayejibu ameshindwa. Mzazi anayetaka kuketi na mwanawe naye lazima afaulu.

Nilikuwa wa kwanza kushindwa. Nilipangiwa kijana mpole anayetumikia altareni. Akaniita mjinga, kisha hapo hapo akaniomba radhi, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama namwambia akamlete baba yake. Wale wengine nao kutukana hawajui. Binti mmoja alimwambia mwenzake kwamba viatu vyake si vizuri sana, wote wakaangua kicheko. Miss Lorene akatikisa kichwa, akauliza kama kweli katika parokia nzima hakuna mtu anayejua kutukana.

Nikampigia Pazi simu, akaja kutoka Richardson na kandambili zake. Hakungoja hata kukaribishwa. Alianzia mlangoni, na alianza na mimi.

"Nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba mizigo kichwani mpaka kwetu pwani, na wewe umepanda ndege kuja kuibeba Marekani! Dunia yote hii umeiona, bado umechagua gunia!" Akamgeukia Nyamizi. "Na wewe, hicho kichwa kimesukwa au kimelimwa? Tupande mihogo, au viazi vya michembe?"

Midomo ya Nyamizi ilicheza lakini hakujibu. Mimi nilikaa nimetulia tuli, kama mtu anayeimbiwa. Vijana walikuwa wameachama. Miss Lorene akaniuliza mbona huyu sikumsimamia, na ametukana kuliko wote. Nikamweleza kwamba huyu ni mtani wangu. Yeye ana ruhusa ya kunitukana tangu enzi za babu zetu, mimi sina ruhusa ya kukasirika. Nikamsimulia msiba wa Baba. Unamkumbuka yule Mzaramo aliyejilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku? Wewe ulikuwa unalia, ukajikuta unacheka huku machozi yanatiririka.

"Kwa hiyo anayekutukana ndiye anayekuja kukuzika?" akauliza Miss Lorene.

"Tena ndiye wa kwanza kufika."

Akaitazama mikono yake. "Wale wa kwetu hawakuja kumzika mtu," akasema.

Nilimhurumia mpaka nikashindwa pa kuangalia. Baadaye alinipitisha kwa shingo upande, kwa sharti kwamba nikae katikati, yeye kushoto, Nyamizi kulia.

Jumatatu tukaketi. Sisi chini sakafuni, Miss Lorene kwenye kiti kwa ajili ya magoti yake. Wengi walipita bila neno, wengine wakatupungia mkono. Kisha akaja mzazi mmoja mwanamume, akasimama mbele yetu. Akasema kama hatupendi taratibu za hapa turudi tulikotoka. Akamwonyesha Nyamizi kidole, akasema kichwa chake kichafu.

Dada, damu ilinipanda. Goti moja lilikuwa limeshanyanyuka, na mafunzo yote ya Jumamosi yameyeyuka. Nyamizi akanishika suruali, akaninong'oneza. Kwa Kiswahili!

"Baba, keti. Huyu mtani tu."

"Mtani gani huyu! Hata babu yangu hamjui!"

"Bado mgeni. Atajifunza. Keti."

Nikaketi. Yule bwana akasubiri kidogo, akaona hakuna wa kugombana naye, akaenda zake. Kesho yake korido ilijaa, hata wale wa viatu si vizuri sana walikuwepo na wazazi wao. Kabla wiki haijaisha mkuu wa shule alituita, akasema sharti limeondolewa. Nyamizi aliniapisha kwanza nisitafsiri chochote.

Siku ya mahafali alipanda jukwaani na mistari yake, Agnesi akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Na kumbe alikuwa amemsuka Miss Lorene pia. Bibi wa watu amekaa safu ya mbele, mvi zake zote twende kilioni! Nje ya ukumbi Pazi alipomwona hakujizuia.

"Bibi, kuanzia leo wewe ni mtani wangu. Ukifa nitajilaza kaburini mwako, na sitoki mpaka wanao wanipe kuku."

Miss Lorene alimtazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu, akafika tumboni, akatua hapo.

"Kijana," akasema, "kwa tumbo hilo itabidi wachimbe mawili."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mtu aliyefundisha wengine kutojibu maisha yake yote, dada, siku hiyo alijibu, na nilifurahi kama vile ni mama yetu.

Nisalimie shemeji na baiskeli yake isiyopona. Msalimie Mama Mdogo Tereza, mwambie sala zake zimefika. Na yule Mzaramo muuza nazi wa sokoni mtukane kidogo kwa niaba yangu, asidhani nimemsahau. Picha ya mahafali imo ndani. Anayelia pembeni ni Pazi, ingawa atakana.

Mdogo wako mpenzi,
Kasimiri

Nyamizi ameomba nafasi aandike mwenyewe. Usimcheke:

Shikamoo Shangazi. Mimi nilikaa. Baba alikaa nusu.