Mwenyekiti Asiyefika Banioni

Dada Imelda mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie habari za mguu wako. Mama alisema uliteleza kwenye mashimo ya ngoro shambani pale mteremkoni ukiwa na mzigo wa maharage, na tangu hapo unatembea kwa fimbo kama bibi. Usijikaze. Kaa chini, watoto wakuchotee maji. Baba bado anakohoa? Na kahawa ya nyuma ya nyumba imechanua, au jua limeiunguza? Nakuuliza yote kwa pamoja kwa sababu nimeketi jikoni peke yangu na Mbinga imenijia ghafla, mpaka nasikia harufu ya moshi wa kuni zetu.

Najua utashangaa kupata karatasi. Simu ninayo, lakini nikipiga huko baba anaweka spika ili majirani wamsikie mwanawe wa Kilimanjaro, na hapa kwetu kuta ni za mbao. Haya ninayokuandikia si ya spika. Ukimaliza kuisoma, iweke chini ya godoro lako.

Nianze na mazuri, maana yapo. Dada, nampenda mume wangu Elirehema mpaka naona aibu. Huku asubuhi ni baridi, na yeye anaamka kabla yangu kunichemshia maji ya kuoga, kisha ananigongea mlango wa bafu na kusema, "Bibi harusi, mlima umeamka." Akiimba besi kanisani, mimi kwenye sauti ya kwanza nasahau zamu yangu. Siku moja alichelewa kurudi kutoka Moshi mjini, anakotengeneza mashine za kumenyea kahawa, nikamnunia. Akatoka nje, akachuma jani la isale kwenye uzio, akalifunga fundo, akaja kunipa akiwa amepiga goti. Isale ni ule mmea mrefu wenye majani kama mapanga, umezunguka kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, hapa. Akaniambia kwamba kwa Wachaga, aliyekukosea akikuletea hilo jani, huna ruhusa ya kukataa. Nilicheka mpaka nikalia. Jani lile nimeliweka ndani ya Biblia yangu, kwenye Wimbo Ulio Bora.

Sasa yale mengine.

Unaikumbuka picha niliyowatumia, ile nimevaa tisheti nyeupe yenye maandishi "Maji Yetu, Uamuzi Wetu"? Ile ambayo baba ameiweka ukutani karibu na picha ya harusi yake? Niliwaambia kwamba nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mfongo. Mfongo ni mfereji wa asili unaoleta maji kutoka juu msituni hadi kwenye migomba yetu. Sikuwadanganya. Lakini sikuwaambia namna ilivyokuwa, kwa sababu wakati ule mwenyewe sikujua.

Ulikuja mradi. Mwezeshaji wake ni mama mmoja wa mjini, tunamwita Madam Rhoda. Alituambia kwamba fedha zake ni kodi za wananchi wa nchi za mbali pamoja na fungu la serikali yetu, na zimetengwa ili raia wajue haki zao, waheshimiane na wazoee kuamua mambo yao kwa kura. Kijiji kikionyesha kwamba kinaendesha mfongo kwa kura na kwa haki, mradi utausakafia kwa saruji, maji yasipotelee njiani. Kila mtu hapa anataka hiyo saruji. Kiangazi, maji yanafika chini yakiwa kamba nyembamba.

Tukaenda semina kwenye ukumbi wa mtaa wa Soweto, Moshi mjini. Nilifurahi kama mtoto. Tulipangiwa igizo, wanaume wacheze wanawake walionyimwa haki. Elirehema alijifunga kanga yangu, akacheza mjane aliyenyang'anywa zamu ya maji. Alilia vizuri sana, dada. Alishika kichwa, akauliza, "Nani atanisikia mimi?" Madam Rhoda akavua miwani akafuta macho. Mimi nikajisemea, huyu ndiye mwanaume aliyeniwekea Mungu.

Uchaguzi ulipofika, yeye ndiye aliyelitaja jina langu. Baba mkwe, ambaye watu wote humwita Meku na ndiye mtunza mfongo tangu nyumba hii ijengwe, akasema ni jina zuri. Nikapata karibu kura zote. Jioni tukimenya ndizi nilimuuliza Elirehema kwa nini mimi, mgeni, niliyekuja juzi tu.

Akasema, "Angechaguliwa mke wa ukoo mwingine, angekuja na kaka zake nyuma. Wewe huna mtu hapa. Una mimi tu."

Nililiona ni neno la mapenzi, nikalala nalo moyoni.

Jirani yetu wa bondeni ni mjane, Mama Anande. Binti yake pekee yuko Dar. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa na migomba iliyokauka mpaka majani yanalia upepo ukipita. Tangu mumewe afe, zamu yake ya maji ilikatwa. Sheria ya mfongo ni kwamba asiyekwenda kuchimba na kuzibua hapewi maji. Kuchimba kunaanzia banioni, kule juu maji yanapoingia mferejini. Na banioni mwanamke hafiki. Wanasema akifika maji yanaudhika na kupotea. Kwa hiyo mjane asiye na mtoto wa kiume hawezi kuchimba, na kwa kuwa hajachimba, hana maji. Nilipoelewa hivyo nilisema, basi hii ndiyo kazi yangu.

Kikao cha kwanza niliisoma katiba yetu mpya: kila kaya ina zamu, na asiyeweza kuchimba atasaidia kwa namna nyingine. Nikapendekeza Mama Anande apewe Alhamisi. Mikono yote ikanyooshwa. Meku naye alinyoosha. Nikamwambia Mama Anande, naye akanishika mashavu kama mama.

Alhamisi ikaja, maji hayakuja. Iliyofuata pia.

Nikamuuliza Elirehema. Alikuwa ananawa matope miguuni. "Tuliongea banioni," akasema. "Wazee wameona isubiri kidogo."

"Lakini tulipiga kura."

"Tulipiga. Kisha tukaongea."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kikao changu cha ofisini, chenye bango na soda, kilikuwa cha kupigwa picha. Kikao chenyewe kinafanyika juu, wanaume wakiwa na majembe, na baada ya kazi kibuyu cha pombe ya mbege kikizunguka. Mume wangu anarudi nyumbani na uamuzi, nami naupeleka ofisini ukapigiwe makofi.

Siku ya kuzibua iliyofuata, filimbi ilipolia asubuhi, nilisubiri Elirehema atangulie. Kisha nikachukua jembe nikapanda. Wewe unanijua, nimelima ngoro na wewe, jembe si kitu kigeni kwangu. Nilipofika, wanaume walikuwa majini hadi magotini. Wakaacha kuchimba mmoja baada ya mwingine.

Mmoja akasema, "Jamani, mwenyekiti amekuja kukagua."

Mwingine akasema, "Bibi harusi, kanisa ni kule chini. Umepotea."

Wakacheka. Nikasema, "Shikamooni wazee. Nimekuja kuchimba kwa niaba ya Mama Anande, ili apate zamu yake."

Hakuna aliyeitikia shikamoo yangu. Meku alikuwa amekaa juu ya jiwe. Hakunitazama mimi, alimtazama mwanawe. "Elirehema, mpeleke mkeo nyumbani."

Nilidhani atasema neno, dada. Yule aliyelia na kanga yangu ukumbini, nilidhani atasema hata neno moja. Alitoka majini, akaniondolea jembe mkononi polepole, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Skola, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Si mimi ndiye mwenyekiti wao?"

"Ofisini wewe ni mwenyekiti. Hapa ni maji."

Akanishika mkono tukashuka. Kinachoniuma ni kwamba mkono wake ulikuwa na joto na niliupenda. Njia nzima niliuchukia na niliupenda.

Baada ya hapo ikatangazwa kwamba wageni wa mradi wanakuja kutazama tulipofikia, wazungu wawili na bwana mmoja wa serikali. Wakiridhika, awamu ya pili inakuja na saruji. Nilikuwa nimeapa kuwaambia kila kitu. Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha kusema neno banio kwa njia ya kuzunguka. Elirehema alijua, akawa haongei nami ila mambo ya chumvi na mafuta ya taa.

Mchana wa siku moja kabla, Mama Anande akaingia uani. Mkono mmoja chupa ya maziwa, mkono mwingine jani la isale lililofungwa fundo.

Nikasema, "Mama, wewe hujanikosea kitu."

"Nimetumwa," akasema. "Meku amesema kesho ukisema maneno mazuri, Alhamisi ni yangu. Na saruji ikija, ni yangu daima."

"Na haki yako, mama? Ile tuliyofundishwa?"

"Mwanangu, ng'ombe wangu hanywi katiba." Akanisogezea lile jani. "Pokea. Likiletwa halikataliwi, mumeo hakukuambia?"

Aliniambia, akiwa amepiga goti. Wanaume walionikosea ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyechuma jani akaja nalo kwa miguu yake. Walimpa aliyekosewa kuliko mimi aje aniombe. Ningelikataa, ningekuwa nimemkataa yeye. Nikalipokea.

Kesho yake nilivaa ile tisheti. Ofisi ya kijiji ilijaa, bango lilining'inia juu ya kichwa changu, na Elirehema alisimama dirishani na shati la bluu nililompigia pasi. Alikuwa mzuri kupindukia. Mgeni mmoja, mama mpole mwenye mvi, aliniuliza kupitia kwa mkalimani, "Wewe kama mwenyekiti, unaweza kukataa jambo ambalo wanaume wameamua?"

Nilimwona Mama Anande nyuma kabisa, ameshikilia upindo wa kitenge chake. Nikajibu, "Ndiyo. Huku tunaamua wote pamoja."

Wakapiga makofi. Elirehema alipiga kuliko wote, na macho yake yalikuwa na machozi, ya kweli safari hii. Yule mama mgeni akanikumbatia, akasema mimi ni mfano. Tulipotoka nje Madam Rhoda alinivuta pembeni ya gari. Nilidhani atanisuta, maana yeye si mjinga, nilimwona akitazama viatu vyangu safi na matope ya wanaume. Akasema, "Ahsante, mdogo wangu. Na mimi mkataba wangu ulikuwa unaisha." Akapanda gari.

Alhamisi maji yalikuja. Nilikwenda hadi kwenye uzio wa Mama Anande kuyasikia. Meku na Elirehema walifungua kizuizi cha udongo, na maji yakaingia kwenye migomba yakiwa na majani makavu mbele yake. Mama Anande alipandisha kitenge akaingia katikati, anayaongoza kwa jembe huku na huku, anacheka kama msichana. Kisha akawashika Meku na mume wangu mikono, mmoja mmoja. "Ahsante Meku. Ahsante Elirehema, Mungu akupe watoto." Akaniona mimi nyuma ya masale. Akasema, "Skola, njoo unishikie hili jembe, nimfungulie ng'ombe."

Nikamshikia.

Jioni ile Elirehema alinichemshia maji ingawa haikuwa asubuhi. Alinikalisha, akanikanda miguu, akasema kwamba ameniona nimekua, na kwamba anajivunia kuwa na mke anayejua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Nilimwambia ninyamaze niseme, yote ni mamoja, maadamu uamuzi unashuka na maji. Akacheka, akadhani natania. Bado nampenda, dada. Usiniulize inawezekanaje. Nilidhani mtu akiumizwa kiasi hiki mapenzi hukatika, kumbe yanabaki palepale, ila unayala kama ndizi iliyoungua chini, unachagua pa kuuma.

Jana zimekuja habari kwamba awamu ya pili imepitishwa. Kamati nayo ilipaswa kuchaguliwa upya. Wazee wameongea huko juu, wakaona hakuna haja ya kusumbua watu kwa kura, mimi niendelee kwa kuwa nimefanya vizuri. Elirehema ndiye aliyeniletea habari, matope yakiwa bado miguuni.

Ukinijibu barua hii, naomba usiniandikie nivumilie. Andika kitu kingine chochote, hata habari za kuku.

Msalimie mama yetu, mwambie vitenge alivyonifungia siku ya harusi vinanikinga baridi. Msalimie shemeji mumeo, na wanao wote wawili, na shangazi anayekaa kwa mapadri, na kaka wa duka la pembejeo ambaye alicheza kuliko bwana harusi. Jani la Mama Anande nililiweka juu ya kabati. Limekauka na fundo lake. Lile la kwanza bado limo kwenye Biblia, na sitaki kuyaweka pamoja.

Picha ile baba asiiteremshe. Majirani wakija, aendelee kuwaonyesha. Na akikuuliza habari zangu, mwambie mwanawe bado ni mwenyekiti. Hapo hutakuwa umemdanganya.

Mdogo wako akupendaye,

Skolastika