Mumbua, Soma Hii Kabla ya Kwa Vonza

Mpendwa binti yangu Mumbua,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na nimefanya hivyo makusudi. Kiingereza nilikitumia siku moja kukudanganya, kwa hiyo leo sikitaki kati yetu. Soma polepole. Ukikwama kwenye neno usikimbilie simu. Lirudie kwa sauti, kama ulivyokuwa ukifanya hapa barazani kwangu huku ukichambua maharagwe na kuyaacha mawe yote ndani.

Wengine nao wataisoma barua hii. Akina mama wa kikundi wameshaisikia, niliwasomea nakala ya kwanza Jumapili baada ya ibada, na tumekubaliana isiwe siri. Yeyote anayekwenda kujenga ukuta mtoni kwa watu wasioijua lugha yake, naye aisome.

Ujumbe wako ulinikuta sokoni. Uliandika kwamba unarudi Kenya, na safari hii wewe si mwanafunzi tena, ni mhandisi, unawaleta wanafunzi saba wa kile chama chenu cha kimataifa, na mnakwenda Kitui, huko Kwa Vonza, kujitolea kama mlivyojitolea kwetu. Tena mtapita Matiliku alasiri moja ili uwaonyeshe maji yetu. Nilifurahi hadi nikaondoka nikaziacha nyanya zangu mezani kwa muuzaji. Njiani ndipo nikasoma mstari wa mwisho: "Tutatumia mchoro wa Matiliku, Mwaitu, kwa sababu ule ulifaulu."

Mumbua, haukufaulu.

Haya, nimeandika. Sasa ngoja nivute pumzi, halafu nikueleze tangu mwanzo, maana mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na sijui kuanzia katikati.

Ulikuja na wenzako wanne, kila mmoja na nchi yake, mkiwa na mabegi makubwa kuliko migongo yenu. Siku hiyo ilinyesha mvua ambayo hakuna aliyeitazamia, na kabla hujatua begi lako mama mmoja akasema huyu ni Mumbua, amekuja na mvua. Jina la kwenu Ubelgiji likaishia hapo hapo, na kusema kweli lilikuwa linatushinda ulimi. Wenzako walilala shuleni. Wewe uliletwa kwangu kwa sababu nilikuwa mjane mwenye chumba kitupu na Kiingereza cha ubaoni. Nilikuangalia, mwembamba, umeshaiva kwa jua siku ya kwanza, nikajiambia kazi ya mawe itamshinda huyu kabla ya Jumatano. Nakuomba radhi kwa hilo pia.

Kesho yake nilikupeleka mtoni. Ulikuta mchanga mtupu, na punda wamesimama na mitungi mitupu ubavuni, ukaniuliza kwa huruma, "Maji yalikwenda wapi?" Nikapiga magoti, nikafukua mchanga kwa kata mpaka mkono ukazama hadi begani, nikakutolea maji. Ulicheka sana. Wewe mwenye vitabu vizima juu ya maji hukuwa umeamini mpaka yakakulowesha vidole. Jioni ulinichorea mlichokuja kufanya: ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto, mafuriko yalete mchanga, mchanga ujae nyuma ya ukuta na kutufichia maji yetu hadi kiangazi kiishe. Nikasema huyu mtoto anatuelewa.

Na tukafanya kazi, si tulifanya? Tulikuwa na mwethya wetu, kile kikundi cha kusaidiana ambacho kwetu hata mgeni haruhusiwi kukitazama akiwa amekaa. Ulibeba mawe kichwani bila kata ya nguo mpaka tukakuonyesha jinsi ya kuiviringisha. Ulijifunza nyimbo zetu na kuziimba kwa lafudhi iliyowafanya akina mama waweke mawe chini ili wacheke vizuri. Ulikula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, kwa siku arobaini na kitu bila kulalamika, ingawa siku ya mwisho uliniambia uliota mkate. Ukaniita Mwaitu kama watoto wa hapa wanavyowaita mama zao. Hakuna aliyekuambia uniite hivyo. Uliwasikia tu, ukaanza.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwondoke, na ukuta ulikuwa umenifika kiunoni. Fundi Musyimi, mwashi wetu, alisimama juu yake, akafuta mwiko kwenye suruali, akaniita. Alisema hivi, na nayakumbuka maneno yake yote kwa sababu nimekuwa nayo miaka sita:

"Mwalimu, ambia huyu mtoto tuache hapa kwanza. Hii ukuta ikipanda yote saa hii, maji ya mvua itasimama huko nyuma na kuangusha tope. Tope haiwezi kutupea maji. Tungoje mvua ilete mchanga ijae mpaka hapa, mwaka ujao tuongeze kidogo, na ule mwingine kidogo. Hivyo ndio hizi vitu hujengwa."

Kiswahili chako kilikuwa bado kichanga, ukaniuliza, "Anasema nini, Mwaitu?" Ulikuwa umeshika mchoro kwa mikono miwili, simiti imekukaukia kwenye nyusi.

Jioni iliyotangulia, pale barazani, ulikuwa umeniambia habari za baba yako. Jinsi anavyohesabu mambo uliyoyaanza ukayaacha: kinanda, kuogelea, kozi yako ya kwanza chuoni. Ulisema, "Hiki nitakimaliza," ukajifanya unatafuta jiwe kwenye ungo. Basi mimi pale mtoni sikumwona fundi, sikuuona mto. Nilikuona wewe tu.

Nikakujibu kwa Kiingereza kwamba fundi anasifu kazi yako na anataka muendelee mpaka juu.

Ulimrukia ukamkumbatia na simiti yako yote. Yeye akanitazama juu ya bega lako.

"Mwalimu, umemwambia yote?"

"Nimemwambia."

Fundi Musyimi ni mtu wa adabu. Aliinama akaokota mwiko wake, na ukuta ukamalizika siku moja kabla ya ndege yenu.

Unakumbuka tulivyokulazimisha uandike? Ulikataa, ukasema kazi ni ya wote. Akina mama wakakubeba mzobemzobe mpaka kule mwisho wa ukuta, ng'ambo ile, wakakushikisha msumari, ukaandika kwenye simiti mbichi MUMBUA. Uliandika jina letu, ukaacha la kwenu. Mimi niligeuka nikatazama upande mwingine, na wewe ukadhani ni machozi ya furaha. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mvua ya kwanza ilikuja na ikafanya kama fundi alivyosema. Maji yalisimama nyuma ya ukuta wetu mrefu, yakatulia, yakaangusha tope, na jua lilipowaka tukabaki na tope jeusi toka ukingo hadi ukingo. Punda wa jirani aliingia akazama hadi tumboni, tukamvuta kwa kamba nusu siku. Unafukua, unafukua, unapata uji wa udongo. Tukarudi kutafuta maji kwa punda kama zamani, tena tukaenda mbali zaidi, kwa sababu pale nilipokufukulia maji mchangani sasa pana tope.

Ulipoandika kutoka kwenu kuuliza, "Mwaitu, maji yapo?" nilikujibu yapo. Ukaomba picha. Nilikwenda hadi upande wa mji wa Wote, kwenye bwawa la mchanga la watu wengine, nikapiga picha ya maji yao masafi, nikakutumia. Mimi, niliyewasimamisha watoto mbele ya darasa kwa kusema mbwa amekula daftari! Ukaniandikia kwamba umeitundika juu ya meza yako ya kazi na kwamba umempelekea baba yako nakala.

Usidhani nilikuwa peke yangu. Mwaka wa pili fundi alikuja kwenye mkutano wetu akasema dawa ipo. Tuvunje ule ukuta kutoka juu hadi pale alipotaka tuachie, mafuriko yaondoe tope kidogo kidogo, mchanga upate nafasi, kisha tuujenge upya taratibu. Nyundo zipo, mikono ipo. Halafu Mama Syombua, yule aliyekupa jina, akasema, "Haki hiyo jina ya mtoto hatuvunji. Siku akikuja akute tumeivunja, tutamwambia nini?" Wote wakaitikia. Na mimi, mwenyekiti wao, nikasema tungoje kwanza.

Tumengoja. Miaka yote hii akina mama wanapita kando ya ukuta wenye jina lako, na mitungi, kwenda kutafuta maji mahali pengine, na hakuna hata mmoja aliyekusema vibaya. Wanakuuliza tu. Ameolewa? Ananenepa? Bado anaimba ule wimbo?

Nataka nikuambie jambo ambalo sikuwasomea Jumapili. Waliogopa kukuvunjia heshima. Mimi niliogopa kingine. Wanangu wawili wako mbali, wananipigia simu vizuri tu, siwalaumu. Lakini nyumba hii mara ya mwisho kuwa na mtu wa kunisumbua ilikuwa wiki zile saba zako. Nikichambua maharagwe bado najisikia nikisema, "Hilo ni jiwe, Mumbua," na hakuna mtu. Basi huwa nateremka mtoni bila mtungi, navuka hadi ng'ambo, nafuta vumbi kwenye zile herufi kwa leso. Ndicho kitu pekee ulichoacha ambacho mchwa hawawezi kula. Nina hamu na wewe, mwanangu. Nimeivumilia hamu hiyo kwa kuwanyima watu maji.

Na kuna linaloniuma kuliko yote. Ningekutafsiria maneno ya fundi sawasawa siku ile, ukuta ungebaki kiunoni, nawe ungekuwa na kazi isiyokwisha. Ungerudi mwaka uliofuata kuongeza kimo kidogo, na uliofuata, na uliofuata. Nilikudanganya ili uondoke na furaha, nikawa nimekufungulia mlango uende usirudi. Mwalimu mzima nikashindwa hesabu rahisi namna hiyo.

Uliposema mnakuja, nilitafuta uongo mwingine. Nilifikiri nikuambie barabara ni mbaya, au nina mafua. Kisha nikawafikiria akina mama wa Kwa Vonza wasionijua, wakibeba mawe kichwani, wakiimba, na wewe umesimama na mchoro ule ule. Hapo nikatafuta karatasi.

Kwa hiyo nisikilize. Usipandishe ukuta wote. Ukifika kiunoni, acha, hata kama wanafunzi wako watalia, hata kama ndege inawangoja. Kabla ya jiwe la kwanza mtafute fundi wa huko aliyezeeka akijenga mtoni, umuulize, kisha umuulize tena. Na usitumie mkalimani mmoja. Tumia wawili, na mmoja wao awe mtu asiyekupenda.

Ukitaka kunikasirikia, una haki. Ukishindwa kunisamehe kabla hujafika Kitui, nitaelewa. Baba yako sitaki umwambie kwamba hukumaliza. Mwambie ulimaliza, na kwamba kosa ni la mwanamke mmoja wa Matiliku. Mpe jina langu.

Ile Jumapili niliisoma ile nakala ya kwanza hadi mwisho. Kisha Mama Syombua akasimama akasema, "Basi ivunjwe. Lakini pole pole." Fundi Musyimi anaanza Alhamisi. Nimemwomba aanzie upande huu wa kwetu, na jina lako, unakumbuka, liko mwisho kabisa, ng'ambo. Kwa mwendo wake, na yale magoti yake ya siku hizi, anasema atalifikia baada ya wiki tatu. Nimehesabu siku za safari yako. Utakuwa umeshafika nchini.

Aliniuliza akifika kwenye herufi afanye nini. Nimemwambia aweke nyundo chini aniite.

Kutoka Kwa Vonza hadi huku ni safari ya nusu siku. Ukifika Wote nipigie, niweke maharagwe jikoni. Nyundo ndogo nimeiweka nyuma ya mlango, ile ya kutosha mkono wako. Uje uvunje jina lako mwenyewe, mbele yetu sote, na wanafunzi wako waangalie. Mvua ikishapita tutaona kama mchanga umekuja, na mwakani tutaongeza kimo kidogo, na mwaka ule mwingine kidogo.

Safari hii, mwanangu, tusiumalize.

Nakungoja hapa Matiliku,

Mwaitu