Sindano Yako Ingali Kwenye Leso

Mume wangu Sefu,

Salamu sikupi mpaka nimalize kukugombeza. Likoni imekuwa Maka? Watu wanavuka feri asubuhi, wananunua muhogo wao, wanarudi Kisauni kabla ya adhuhuri, na wewe tangu uhamie huko, mwaka mzima na zaidi, hujaiona njia. Jirani yangu Rukia alikuona hapo kivukoni. Anasema umevaa shati la kazi na shingo imekonda. Alikuita, ukajifanya husikii. Rukia ana sauti ya kumwita punda aliye Mtwapa akageuka, na wewe hukusikia! Rukia alikukosea nini? Ungeitika naam, kisha ukaenda zako.

Haya, sasa nakupa salamu. Assalamu alaykum, mjukuu wangu. Mimi mzima. Goti ndilo si zima.

Skuli mimi sikuiona hata mlango, hilo unalijua. Lakini chuoni nilikwenda, kwa mwalimu wa Kurani, na hizi herufi za chuoni ninazokuandikia ndizo nilizokufundisha mwenyewe hapa barazani, ulipokuwa huna meno ya mbele na kila ukifika kwenye herufi sini unanitemea mate usoni. Rukia ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu. Ameniomba pia aisome mbele ya wajukuu zake, maana anasema nao wameanza ugonjwa wako. Nimemwambia asome, ukikubali wewe. Aibu niliyo nayo haiwezi kuongezeka.

Unakumbuka ulipopata ukarani kule kwenye godauni Changamwe? Mshahara wa kwanza uliniletea halua na jozi ya leso, kanga za kujitanda. Wa pili ukanunua kompyuta. Sikusema neno. Mamako alipokufa nikakuchukua, hukuwa na hata mpira. Ulikuwa ukisimama kwenye dirisha la watu, ukitazama watoto wao wakicheza gemu kwenye televisheni, na hakuna aliyekwambia ingia. Niliona kichogo chako pale dirishani siku nyingi, na kikanikaa moyoni. Kwa hivyo uliponunua gemu yako ya kwanza, wallahi nilifurahi kukushinda.

Kisha zikaja hizo ofa zao. Siku ya kwanza nilikuwa jikoni nakuna nazi, ukaingia mbio na simu mkononi.

"Nyanya! Hii ilikuwa elfu nne, nimeipata kwa mia tatu! Nimeokoa elfu tatu na mia saba!"

"Ziko wapi?"

"Nini?"

"Hizo elfu tatu na mia saba ulizookoa. Zilete tununue mchele."

Ulicheka mpaka ukakaa juu ya kinu. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Zikawa haziishi. Leo wameshusha nusu, kesho wameshusha zaidi, na wanakuwekea saa inayorudi nyuma, nawe unaitazama kama mtu wa Ramadhani anayengoja adhana ya magharibi. Chakula kinapoa. Nikikwita, unasema, "Naam, nyanya, imebaki saa moja tu, ikipita bei inarudi." Ikirudi si irudi! Lakini uso wako wakati ule ulikuwa uso wa yule mtoto wa dirishani, kama kwamba kuna mlango unafungwa na wewe uko nje.

Alasiri moja nikakwambia, hebu nionyeshe ulivyonunua. Ukafungua kompyuta. Picha zimejipanga safu kwa safu, unazishusha kwa kidole na hazifiki mwisho.

"Hii umeicheza?"

"Bado."

"Na hii ya farasi?"

"Bado, nyanya."

"Hii ya mzee mwenye taa?"

"Hiyo niliifungua mara moja."

Nikakwambia, mume wangu, wewe huchezi, wewe unanunua. Ukaudhika. Ukanyoosha mkono chini ya kitanda changu, lilipo sanduku, ukasema, "Na wewe, nyanya? Leso zako hizo unavaa lini?"

Hapo ulinipata. Ndani ya sanduku lile mna jozi za leso zilizokunjwa tangu hujazaliwa, hazikukatwa, hazikupindwa ncha kwa uzi, zingali na harufu ya duka. Mchuuzi akipita mlangoni anasema, "Bi mkubwa, ni jozi ya mwisho, nakupa kwa hasara," na mkono wangu unaingia kifuani kutoa kitambaa cha pesa kabla akili haijafika. Hata maandishi yake siyajui, hizo herufi za skuli. Unakumbuka ile nyekundu niliyoivaa mwenyewe kwenda matangani, na uliponisomea niliporudi kumbe ni maneno ya mke mwenza kumtukana mwenziwe? Ndiyo maana yule mjane alikuwa akinitazama vile. Tulicheka siku ile mpaka nikashika mbavu. Tulikuwa tukicheka sana, mimi na wewe.

Sasa nifike kwenye cherehani, ingawa sitaki kufika.

Nilikwenda Malindi matangani, siku tatu. Niliporudi, pale penye cherehani pana mraba wa vumbi. Ukasema imeharibika, umeipeleka kwa fundi, kule Bombolulu. Nikangoja. Ukasema fundi anatafuta kipuri. Nikangoja tena. Wiki ya tatu nikavaa buibui nikaenda mwenyewe. Fundi akaniletea kiti, akanitazama kwa huruma. "Bi mkubwa, cherehani yako mara ya mwisho kuiona ni nilipoitia mafuta kabla ya Ramadhani."

Nilirudi nyumbani Junda kwa miguu na goti hili. Nauli nilikuwa nayo. Sikutaka kufika.

Ulikuwa umekaa barazani. Uliponiona tu ukasimama.

"Nimeiuza, nyanya."

"Kwa nini?"

"Ofa ilikuwa inakwisha."

Basi. Gemu kumi na nne umenunua kwa pesa zile, na katika hizo hukufungua hata moja. Cherehani ile ndiyo iliyokulea, Sefu. Nusu ya wanawake wa Junda wamevaa leso nilizopinda mimi, mkono wa kulia unazungusha na wa kushoto unasukuma, na wewe umelala miguuni kwa mlio wake. Nilivua ndara nikakupiga nayo, mara ya kwanza tangu uote ndevu. Kisha nikakupakulia wali, tukala. Na tulipokuwa tukila nikakwambia, "Hili limekwisha. Linabaki baina yangu na wewe na Mungu."

Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Kesho yake nikalitoa sanduku uvunguni, nikakupa sindano. Nikakwambia, kuanzia leo, ukiona ofa na mkono ukawasha, kaa hapa ukate jozi moja, uipinde kwa mkono. Ukimaliza, kama bado unaitaka hiyo gemu, nunua. Na mimi nitaivaa kila leso utakayopinda, sitanunua mpya. Ulilia kwa vile sindano inavyochoma. Mshono wa kwanza ulikwenda upande kama njia ya mchwa. Niliuvaa mpaka sokoni, na Rukia akaniuliza kama siku hizi napinda nimefumba macho.

Lakini kupinda leso kuna utaratibu wake. Huwezi kuharakisha. Ncha moja, kisha ncha ya pili, na ukifika mwisho wa ile ya pili ukanyanyua kichwa, ile saa ya kwenye simu imekwisha kupita na dunia ipo vile vile. Ulikuwa ukinitazama kwa mshangao. "Nyanya, imepita." Nami nikikujibu, "Na bado unapumua."

Tukaweka na sharti la pili, kwamba uchague gemu moja katika zile ulizo nazo uicheze mpaka mwisho. Ukachagua ile ya mzee mwenye taa, anayezunguka mji mtupu akiwasha taa nyumba kwa nyumba. Kila alasiri nilikaa karibu nawe nikitafuna tambuu yangu, nikikwambia, "Ile nyumba ya pembeni umeiruka," nawe ukibisha, kisha ukirudi unakuta kweli umeiruka. Siku alipowasha ya mwisho, mji wote ukang'aa. Ukaweka mikono usoni. Ukasema, "Hii ndiyo ya kwanza kuimaliza tangu niajiriwe." Nikakuuliza zimebaki ngapi. Ukasema mia tatu na kitu.

Miezi saba. Ulianguka mara moja tu, na ulikuja mwenyewe kuniambia kabla sijakuuliza. Nilikuona mwanamume siku ile kuliko siku yoyote.

Sasa nirudie lile neno.

Mjombako Omari, mwanangu, alikuja siku moja akaona mahali pa cherehani patupu. Akauliza. Ningeweza kusema imeharibika, nilikuwa na uongo wako tayari mkononi, ningeutumia tu. Lakini siku ile goti liliuma na nilikuwa na uchungu wangu, nikamwambia. Nikamwambia yote. Niliona raha, Sefu. Sitakudanganya, niliona raha ya kulalamika.

Ndipo ikaja ile Idd, nyumbani kwake Frere Town, sote tumezunguka sinia. Wewe ulikuwa umevaa kanzu niliyokupigia pasi mwenyewe. Ulipokaa tu na kutia mkono siniani, Omari akapaza sauti, "Jamani, ficheni cherehani, Sefu amefika!" Wengine hawakujua maana yake, akawaeleza. "Huyu bingwa ameuza cherehani ya mamangu kununua picha za kwenye simu!" Nyumba nzima ikacheka.

Na mimi nikacheka.

Nimejaribu miezi hii yote kusema sikucheka. Nimejiambia nilikohoa. Nilicheka, mume wangu. Nilicheka kwa vile wote wanacheka na sikujua uso wangu niuweke wapi. Na ulinitazama. Hukumtazama Omari, ulinitazama mimi. Mkono wako ulikuwa na tonge la pilau, ukalirudisha siniani taratibu, ukanawa, ukasema, "Nyanya, naenda kununua maji." Maji yalikuwa tele mezani.

Nilikungoja mpaka watu wakatawanyika, na kikombe chako hakijaguswa. Omari akasema, "Mwache, atarudi njaa ikimuuma, ni mzaha tu." Nimekwisha kumwambia Omari ya kumwambia. Amenuna, na anune. Lakini siri hakuiba yeye. Mimi nilimpa.

Na pesa unazotuma kila mwezi, bila salamu, bila neno, zinaingia kwenye simu yangu na Rukia ananisomea jina lako. Najua unanilipa ile cherehani. Sefu, sitaki cherehani. Mikono hii haizungushi tena. Nilitaka nisikie mtu akisema shikamoo mlangoni na nijue ni nani kabla hajamaliza neno.

Nikwambie jingine la aibu. Ulipoondoka, nilianza kununua tena. Jozi tano. Kila mchuuzi akinitandikia, nilijiambia, nichukue, Sefu akirudi atapinda. Siku moja nikafungua sanduku nikaona nimelijaza tena mpaka juu, nikakaa sakafuni. Sasa nikisikia sauti ya mchuuzi njiani naingia chooni mpaka apite. Rukia anadhani nina tumbo.

Wewe sijui uko vipi. Sijui kama huko chumbani kwako Likoni unaitazama ile saa peke yako. Kama umerudia, njoo. Kama hukurudia, njoo. Kama umenunua nyingine mia tatu, njoo nazo, tukae tuziangalie, nikuulize hii umeicheza, useme bado. Mimi sitamwambia mtu, na safari hii sikwapii kwa vile nilikwisha kuapa nikavunja. Nakwambia tu.

Ile leso uliyokuwa ukiipinda asubuhi ya Idd, ya buluu yenye mapambo ya korosho, ipo pale pale ulipoiacha, juu ya sanduku. Ncha moja umemaliza, na mshono wake umenyooka kama wa mashine. Ncha ya pili umefika katikati na sindano ingali imechomekwa. Imeshika kutu, imetia doa dogo. Rukia alitaka kuimalizia, nikampiga mkono. Nimemuusia kwamba nikifa, siku ya kuoshwa, leso ya kunifunikia ni hiyo. Akaniuliza, na ikiwa nyuzi zinaning'inia? Zinaning'inia hivi sasa ninavyokuandikia, na kila siku zinafumuka kidogo zaidi.

Kwa hivyo nisikilize. Ukija, njoo baada ya alasiri, upite mlango wa uani, haufungwi. Usilete halua wala pesa. Lete uzi mweusi, wangu umekwisha. Ile sindano usiivute kwa nguvu, itachana kitambaa, itoe polepole. Kaa mahali pako, upinde ile ncha iliyobaki, na usiniombe radhi, usiseme neno lolote mpaka umalize. Siku hiyo mwenye la kusema ni mimi.

Nyanya yako, mkeo wa kwanza