Nimeilaza Kuvu Njaa, Bosi Anashangilia

Shangazi, shikamoo, nimekwama na naomba usinicheke, mimi ni fundi wa maabara, kazi yetu ni kuotesha kuvu kwenye chupa ili itoe vimeng'enya vinavyovunjavunja mabua ya mahindi yawe sukari, na sukari hiyo tunaichachusha tupate mafuta ya kuendeshea injini, sasa bosi aliagiza kila asubuhi kuvu iongezewe sukari kidogo ipate nguvu, nikatii miezi minane na mabua yakabaki mabua, hadi juzi mwanangu alipougua nikawa nafika kazini akili haipo, siku tano nikasahau ile sukari lakini daftarini nikaweka tiki kama kawaida, Mungu anisamehe, kufungua chupa nakuta mabua yamekuwa uji, kupima, sukari imejaa na si mimi niliyeitia, bosi kafurahi kaita wafadhili, Ijumaa ya wiki ijayo tunarudia mbele yao kwa kufuata daftari, na daftari linadanganya, mume wangu anasema nyamaza usijichongee, ila nikinyamaza tutaumbuka na mradi utafungwa, nikisema nafukuzwa, nifanyeje?

Mama Tiki

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza. Sasa nikukaripie: tiki tano za uongo, na wewe ni mtu mzima! Kwa hilo utaomba radhi bila kuzungukazunguka.

Lakini hebu fikiri. Kuvu ililetewa sukari mezani miezi minane, ingehangaika na mabua ya nini? Ulipoinyima ikajitafutia. Unalia wakati umevumbua! Mumeo anakupenda, ila hapa hajui kitu.

Leo hii andaa chupa mbili, moja yenye sukari, nyingine bila hata chembe. Zile tiki usizifute. Zikate kwa mstari mmoja, andika ukweli pembeni, weka sahihi. Mpelekee bosi daftari hilo kabla ya chai. Atafura, mwache afure. Ijumaa weka chupa zote mbili mezani, na atakayeeleza ni wewe.

Wasomaji, haya nilimwambia kwa simu siku ileile, maana wafadhili wasingesubiri gazeti. Jana kanipigia, anacheka na kulia kwa pamoja. Bosi alimnunia siku mbili nzima. Ijumaa chupa ya sukari ilikuwa na mabua yake vilevile, ile nyingine uji mtupu. Wafadhili wameongeza miaka mitatu. Na lile agizo la kila asubuhi, bosi amelikata kwa mkono wake, kisha akampa fundi kalamu aandike la kwake.