Ujumbe Uliogoma Kutoka

Chennai, India, mwezi wa saba

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Guelord, watoto wako tulio mbali. Magoti yanasemaje na baridi hii? Na huko Ruashi, vumbi linawaacha mpumue? Nimemwomba ma sœur Virginie, mtawa mkubwa wa shule ninakofundisha, aichape barua hii na kukusomea mwenyewe, pole pole. Kwa simu nisingeweza. Laini ingekatika, au ningelia kwanza.

Tuko salama. Natanguliza hilo ili usikilize mengine kwa moyo mtulivu.

Tulipofika, miguu ya Guelord ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii. Waganga walimweka kwenye mashine ya kusafisha damu, maana alikuwa hakojoi tena, wakaeleza kwamba hapewi figo mpaka kamati ya hospitali ione vyeti vya kuzaliwa, ijue kweli anayelitoa ni ndugu wa damu. Vyeti vitoke kwenye anwani yangu ya e-mail ya shule, ile niliyoandikisha tangu Lubumbashi. WhatsApp hawakuitaka. Kamati ilikuwa ikae Alhamisi. Tukiikosa, tungoje mwezi mwingine, na mganga alinivuta pembeni akaniambia mgonjwa hana mwezi mwingine.

Basi simu ikanigomea. Barua za hospitali ziliingia vizuri, lakini za kwangu zilikaa pale pale bila kutoka. Nilizipunguza uzito picha za vyeti. Niliacha wifi ya hoteli nikachukua ya hospitali, nikanunua na laini ya hapa. Maneno mekundu yalikuwa yale yale: seva imekataa. Jumatano nilikaa kwenye ngazi nikasali rozari huku simu iko magotini, kama yenyewe ndiyo mgonjwa.

Mwishowe nilimpigia ma sœur Virginie, maana ndiye anayeshughulikia anwani za shule. Alicheka kidogo, akasema seva yetu inapokea bila maswali barua zinazotoka kwenye mtandao wa shule tu; ukiwa ugenini lazima ujitambulishe mlangoni. Simu yangu ilikuwa na nenosiri la kupokea, la kutuma haikuwa nalo. Alinifungulisha mipangilio ya barua zinazotoka, nikawasha authentification, yaani kujitambulisha kwenyewe, nikaandika anwani na nenosiri tena, nikachagua muunganisho wa usalama, na kwenye namba ya mlango, pale penye 25, nikaweka 587. Nilimtumia neno moja, Jambo. Akajibu: Imefika. Mama, nilipiga kigelegele pale ngazini, wagonjwa wakageuka kunitazama. Vyeti vilitoka papo hapo, na Alhamisi kamati ikakubali.

Sasa kuna neno ambalo sijakuambia. Tulikuacha ukiamini kwamba figo ni la Dieumerci, mtoto wa baba mdogo. Dieumerci hakutoka Sakania. Damu yake haikupatana na ya Guelord. Iliyopatana ni yangu. Tangu tumzike ndugu yetu Adrien umekuwa ukisema huwezi kuwa na watoto wawili juu ya meza ya operesheni kwa siku moja, na nilijua ungenikataza, nami nisingeweza kukuasi usoni. Ndiyo maana nilinyamaza.

Hata Guelord, alipoona barua haziendi, alidhani nasingizia simu. Aligeukia ukuta, akaniambia mimi dada yake mkubwa, “Yaya, kama uko naogopa, sema tu. Siwezi kukasirika.” Niliogopa kweli, Mama. Lakini nilimjibu kwamba ni simu tu inayokataa, mimi sijakataa.

Walitupasua Jumatatu. Mimi natembea tayari, nikijishika ubavu, na mganga anasema figo moja linatosha maisha mazima. Guelord walimweka chumba kingine, nikakaa bila habari mpaka muuguzi aliponiletea simu yake niongee na Guelord. Sauti ilikuwa ndogo kabisa. “Yaya,” akasema, “niko nakojoa.” Alilia, nami nikalia naye, na muuguzi asiyejua Kiswahili akanipangusa machozi.

Ukitaka kunikasirikia, kasirika, nitakuja kupiga magoti mbele yako. Wasalimie mama mdogo Mado na watu wa jumuiya waliotuombea. Ma sœur akimaliza kusoma, mwambie jibu lako aliandike kama utakavyolisema. Tunalingoja wote wawili, tukiwa wazima.

Ni mimi mutoto wako,
Laurentine