Sauti ya Upande wa Kushoto

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya mbao,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? U mzima? Unakula, unalala? Maswali haya usiyaruke kama tulivyozoea. Safari hii nauliza kweli. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, ambao umestaafu kabla yangu. Najua unacheka: zama hizi za simu, kaka anaandika barua! Sababu utaikuta mbele.

Shangazi amepata miwani mpya. Sasa anaona vumbi hadi kwenye kabati la jirani, na hanyamazi. Juzi tulivuka ng'ambo kuifuata, kwa boti ya marehemu baba. Mimi unanijua, fundi seremala. Unahodha wangu ni wa kwenye beseni. Lakini majaketi ya kuokolea tulivaa sote wawili. "Limenifanya kama mjamzito wa mapacha," shangazi alilalamika, "na umri huu!"

Kwenda kulikuwa shwari. Wakati wa kurudi, tukiwa katikati, upepo ukageuka na mawimbi yakainuka. Nikafanya alivyotufundisha baba: nikapunguza mwendo wa injini, nikamketisha shangazi chini kabisa, katikati, kisha nikaielekeza pua ya boti kwenye mawimbi, mshazari kidogo. Unaukumbuka wimbo wake: "Wimbi lipe paji la uso. Ukilipa ubavu, umekwisha."

Ndipo nikasikia mtu ananiita kutoka majini, upande wa kushoto.

"Kobe! Geuka, Kobe, nimechoka!"

Mdogo wangu, jina hilo unaniita wewe peke yako, tangu utotoni, kwa sababu ya huu mwendo wangu. Na sauti ilikuwa yako, hata ule mkwaruzo wako ukiwa na mafua.

Mkono ukaanza kuuvuta usukani wenyewe. Ningegeuka, wimbi lingetukuta ubavuni, na shangazi hajui kuogelea. Nikamuuliza kama anaona mtu. Akaifuta miwani kwa ncha ya nguo, akatazama, akatazama tena.

"Sauti naisikia. Mtu simwoni. Usigeuke!"

"Shangazi, ni yeye!"

"Hata akiwa yeye! Tumrushie kitu, lakini boti iache hivyo hivyo."

Akalirusha dumu tupu lenye kamba iliyofungwa botini. Upepo ulikuwa unatupiga usoni na kila kitu kinachoelea kilikuwa kinarudi nyuma yetu. Lakini lile dumu likaenda kushoto, likikata mawimbi, mpaka kamba ikakazika. Ikakaa hivyo. Kisha ikalegea. Ukaniita mara moja tena, kwa mbali, bila hasira. Hilo ndilo linaloninyima usingizi: bila hasira.

Tulipofika nikamweleza mlinzi wa gati. Yeye na wenzake walitoka na boti kubwa, wakazunguka mpaka giza. Hawakuona mtu, na vyombo vyote vilikuwa vimerudi. Njia nzima ya nyumbani shangazi hakulalamikia vumbi la mtu yeyote, jambo ambalo peke yake linatisha. Tulipofika mlangoni ndipo akauliza, "Mwanangu, Kobe ni nani?"

Nilijifanya natafuta ufunguo.

Kama siku hiyo ulikuwa salama, umejilaza na gazeti lako, nicheke mpaka mbavu ziume, nitashukuru. Kama ulikuwa na shida mahali ukaniita, basi ujue nilikusikia, na sikugeuka kwa sababu nilikuwa na shangazi miguuni pangu.

Msalimie sana shemeji, na wale watundu wetu wawili. Shangazi anakusalimu, anasema uvae sweta. Mungu akufunike popote ulipo, nchi kavu au majini.

Jana jioni simu iliita, nikaona jina lako. Niliitazama mpaka ikanyamaza. Usipige tena, nakuomba. Sauti yako nimeshaisikia mahali pasipoonekana mtu. Nataka kuuona mwandiko wako.

Wako akupendaye, anayengoja mlangoni,
Kaka yako.